Ugonjwa Aliofichwa Saikal

Ndugu, majirani, na wote mliopanda milima kuja kumzika Saikal, mimi ni Zuurakan, dada yake mkubwa, nayasoma maisha yake mimi kwa sababu shemeji zangu walitaka yasomwe kwa ufupi, nami leo ufupi sina.

Saikal, binti wa mchungaji Mamyr, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa Kara-Bulak, mkoa wa Naryn, akasoma shule yetu hii tangu 1975 hadi 1985, akakamua ng'ombe wa shamba la ushirika hadi lilipovunjika mwaka 1994, kisha akaishi kwa kushona mazulia ya sufu, na mengi mliyoyakalia humu hemani ni ya mkono wake. Tarehe 2 Oktoba 1988 aliolewa na Ryskeldi, dereva, yule pale anayetazama buti zake, wakajaliwa Begaim na Adilet.

Mwaka 2016 tumbo lilianza kumvimba, wenzake wakamtania, "Saikal, kitinda mimba wa uzeeni huyo?", naye akawajibu, "Basi safari hii baba yake atanyonyesha!", hadi Mei 2017 alipopasuliwa hospitalini, akatolewa uvimbe wa ovari mkubwa kama tikiti. Daktari, kwa desturi yetu, hakusema na mgonjwa, alimwita Ryskeldi na ndugu zake wa kiume koridoni, akawaambia kwamba ndani ya ovari iliota nyama ya tezi, ile ya shingoni inayovimba ikawa rovu, ni nadra lakini hutokea, na ya Saikal ilikuwa na saratani, kwa hiyo tezi ya shingo nayo itolewe, kisha anywe dawa ya madini joto yenye mionzi, inayoifuata nyama hiyo popote ilipojificha. Wanaume wakashauriana, "Tusimvunje moyo," wakamwendea kitandani, "Yalikuwa maji tu, mama Begaim, umepona," wakachinja kondoo wa shukrani, na aliyempika ni Saikal mwenyewe.

Mwaka 2021 nyonga ilianza kumuuma, akalaumu kukaa sakafuni, na Februari 2022 mfupa ulivunjika akiinua ndoo, akapelekwa Bishkek, picha zikaonyesha tezi ile ile imeota mifupani na mapafuni, Dokta Nurzat, binti mdogo tu, akaketi karibu yake akamweleza yote, hata majibu ya 2017.

Saikal akamgeukia mumewe. "Miaka mitano, Ryskeldi? Dawa hiyo ningeifuata kwa miguu!"

"Nilikuhurumia."

"Ulijihurumia wewe, hukutaka kuniona nalia."

Dawa alipewa, ilikuwa imechelewa, akafariki hapa nyumbani tarehe 9 Novemba 2023. Jana shemeji zangu waliniomba niandike "maradhi ya ghafla", yaani wamfiche hata akiwa maiti. Ni saratani ya tezi, iliyoanzia kwenye ovari, na ilijulikana.

Tunamshukuru Dokta Nurzat, majirani waliomgeuza kitandani, na washonaji wenzake waliomwosha. Ninyi wa koridoni, chakula cha msiba kuleni, siwafukuzi, ila shukrani sina.

Saikal, mdogo wangu, pumzika kwa amani ambayo watu wako walikunyima.