Damu Niliyoiita Tumbo

Bamama na bababa wa chama chetu hapa Baraka, naanza na wale walioona kwa macho. Mama Riziki, wifi yangu, dada ya marehemu bwana yangu, yule pale mbele. Wilondja, mukwe wangu, munganga wa kituo chetu cha afya kule Lweba. Na Furaha, mutoto wangu, yule Wilondja aliyemuoa. Wote watatu wamenipa ruhusa kusema.

Ndugu zangu, nawaambia, ugonjwa ulinijia polepole. Nilikuwa naenda choo, naona damu. Nikasema ni amibe, vile vidudu vya tumbo, maji ya ziwa hayo. Nikachemsha majani, nikanywa. Damu ikaendelea. Nguvu ya kulima muhogo ikaniisha, nguo zikanipwaya.

Furaha akanisukuma niende kituoni. Lakini pale anakaa nani? Mukwe. Munacheka, munajua. Mukwe akipita njiani najisitiri na kitenge. Sasa nimuambie damu inatokea wapi?

Akaniuliza, macho chini: "Mama, unaumwa nini?"

"Tumbo."

Na yeye, kwa heshima ileile, hakuchimba zaidi. Akanipa dawa ya amibe. Nikarudi tena: tumbo. Tena dawa ya amibe. Heshima yetu sisi wawili ilikuwa inanizika. Majirani nao wakaanza kusema nimelishwa sumu, na mwenye kunilisha wakawa wanamutafuta.

Aliyekata maneno ni Mama Riziki, maana ni yeye alikuwa ananifulia nguo, akaona damu. Akanishika mukono mupaka kituoni, akamuambia Wilondja: "Funga masikio ya mukwe, fungua ya munganga. Mama anatoka damu nyuma, na haikuanza jana."

Nilifunika uso. Wilondja akaandika karatasi ya kunituma. Kisha akasema: "Mama, leo unapanda piki, unaenda hospitali."

Hospitali nayo ikanituma mbali zaidi. Kule wakanipima, jina likatoka: kansere ya utumbo mukubwa. Wakanipasua, wakaiondoa.

Nilipopata nguvu nikamuuliza munganga aliyenipasua, katika Congo yetu tuko bangapi wenye ugonjwa huu. Akasema hakuna anayejua sawasawa. Wengi wanafia nyumbani bila kupimwa, wengine wameandikwa ugonjwa mwingine. Basi wenye kazi ya hesabu wanaangalia inchi jirani, halafu wanakadiria ya kwetu. Ndugu zangu, ni kama kuchungulia sufuria ya jirani ili ujue batoto wako wamekula nini.

Pale kitandani nikakumbuka watu wetu, toka Fizi mupaka Lweba: waliokonda, waliotoka damu, wakafa, tukasema amibe, tukasema sumu. Majina yao yote ninayo. Siyataji, maana hakuna aliyewapima. Kwa wengine pengine ilikuwa amibe kweli. Lakini nilijua kwamba kama ningekufa, ningewekwa nao, na kungekuwa na mutu wa kuchukiwa, eti alinilisha sumu.

Asante Furaha. Asante Wilondja, uliyekubali kusikia. Asante Mama Riziki, mudomo wangu. Asante kwa Mungu na kwa mikono iliyonipasua. Nanyi, damu ina njia yake: semeni njia inayotokea. Ukiona haya kwa mukwe, tuma wifi.

Kama kuna jina ao neno nimekosea, munisahihishe leo, ningali nimesimama. Wale wenzangu, amibe yao hakuna tena wa kuisahihisha.