Tumbawe la Salma

Tangu Bukoba, mzee aliyeketi mbele yangu kwenye basi alikataa kuiweka ndoo yake chini. Mama aliyekaa naye akamuuliza amebeba nini.

"Tumbawe hai. Nalifuga nyumbani Nshambya, kwenye tangi la kioo. Kipande hiki ni cha dada yangu Salma, hapo Muleba. Tangi lake liko tayari. Tulizaliwa Tanga. Sasa miguu imemgomea, na kila siku anaililia bahari."

"Tata, na ziwa lote hili?"

"Ziwa halina chumvi. Mimi nachanganya chumvi ya bahari na maji ya mvua. Yakipungua naongeza ya mvua tu, maana maji hupaa, chumvi hubaki. Umeme ukikatika, nayakoroga kwa mkono yapate hewa."

Mbuzi wangu hawajawahi kutunzwa hivyo.

Mzee akafunua mfuniko. "Marehemu mama alikuwa akituita tutoke majini mpaka sauti inamkauka."

Yule mama akainama, akanusa. "Utamtonesha kidonda, waitu. Atalia zaidi."

"Akilia, tutalia wote. Ni nani mwingine aliyebaki wa kukumbuka naye?"

"Lakini atalia."

Basi likasimama Muleba. Mama akaishika ndoo pamoja naye mpaka mlangoni, bado anatikisa kichwa, akamwambia ashuke polepole, maji yasimwagike.