Redio na Mlinzi wa Mlangoni

Ndugu, majirani na nyote mliofika kumsindikiza, marehemu kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Redio, alizaliwa tarehe 4 Machi 1961, akiwa kifungua mimba wa fundi cherehani na mama muuza mkaa, akaingia duniani, kwa maneno ya mama mwenyewe, akipiga kelele kabla hajaguswa, na tangu hapo hakunyamaza.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, na Januari 1979 akaajiriwa katika kiwanda cha nguo, chumba cha kufuma, ambako sauti yake ilizishinda mashine, wenzake wakampa jina hilo. Tarehe 16 Juni 1984 alifunga ndoa na karani wa stoo wa kiwanda hicho hicho, wakajaliwa mabinti wawili, na mjane ni shahidi kwamba aliolewa akijua fika kuwa redio ile haina pa kuzimia.

Mwaka 1996 wakubwa walikiuza kiwanda kwa wakubwa wenzao, mashine zikang'olewa, geti likatiwa kufuli, wafanyakazi wakabaki kutazamana, ndipo marehemu akapata kazi iliyompa umaarufu, ya kutafsiri sinema kwa kipaza sauti katika kibanda cha video nyuma ya soko, na alizozipenda zaidi ni zile za watu werevu wanaopanga kuvunja benki. Hakutafsiri tu, alitia chumvi, akisema kasiki lile limejaa jasho la kiwanda chetu, na wezi walipoingia na bunduki alinguruma, "Lala chini, hiki ni chetu!", watu wakapanda juu ya mabenchi kwa shangwe. Mlinzi wa mlangoni alipopigwa walicheka, maana mlinzi wa sinema hizo hana jina wala kwao.

Tarehe 9 Septemba 2003 vijana wanne walivamia benki ya mjini, na mlinzi wa mlangoni siku hiyo alikuwa mdogo wetu, kitinda mimba wa mama, akapigwa nondo ya kichwa, hadi leo sikio lake la kushoto halisikii, na waliompiga walinguruma maneno yale yale ya kaka kibandani. Polisi walimkamata marehemu, wakaenda hospitali kumuuliza mdogo wetu kama aliwahi kuyasikia maneno hayo popote, naye akajibu kwamba masikio yalijaa damu, hakusikia neno. Alisikia kila neno, na ameturuhusu tuseme leo.

Kaka aliachiwa, akajua ni nani aliyemwokoa, na aibu ikamfunga mdomo, kwa miaka ishirini wakala meza moja, wakaongea mpira na bei ya saruji, hilo lisiguswe. Kibandani alirudi, ila sasa kila mlinzi alipoanguka alisimamisha mkanda, akampa jina, mke na mtoto anayemsubiri, wateja wakanung'unika, wengine wakahama, mwenye kibanda akamwambia watu wamelipa kuona benki ikivunjwa, siyo kuhani msiba. Hata hivyo hakuwasamehe waliouza kiwanda, alisema hao hawana sinema kwa sababu hawakukimbia, waliondoka polepole garini wakipungiwa mikono, na yeye mwenyewe, tunavyodhani, hakujua tena awe upande wa nani. Ilimuuma sana.

Februari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya koo, akapasuliwa, sauti ikaondoka yote. Mdogo wetu alihamia kwake, akawa anamwekea sinema za zamani na kumtafsiria, tena vibaya, akichanganya majina, kaka akikunja uso, mpaka siku moja mlinzi alipoanguka mlangoni, mdogo mtu akasema kwa sauti, "Huyu hajafa, bwana. Anainuka, anajipangusa, anakwenda kwa kaka yake." Kaka alilia, akamshika mkono, hakuuachia hadi mkanda ulipokwisha.

Alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 11 Novemba 2025, mdogo wake akiwa kando ya kitanda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliotupikia na kukesha nasi, wenzake wa chumba cha kufuma, na wateja wa kibandani mliomvumilia.

Pumzika kwa amani, Redio, mdogo wako amekaa hapa mbele, na sikio linalosikia amelielekeza kwako.