Kaniki ya Bibi Telesia: Maisha ya Injinia Lameki Mwalongo

Mchungaji, wazee wetu, ndugu wa Kitandililo na Makambako, nanyi mliokuja kwa miguu na mvua hii, naitwa Fidelia, mjukuu wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya babu, ambaye mwenyewe aliagiza kosa lake lisifichwe.

Mzee Lameki Mwalongo alizaliwa Kitandililo mwaka 1893, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Danieli, ambaye siku hizo alikuwa hajabatizwa wala hana mpango huo. Alianza shule ya misheni mwaka 1903, vita vya Maji Maji vikaikatisha, akarudi darasani ndevu zikianza kuota, akamaliza mwaka 1909 akijua hesabu na useremala. Tarehe 12 Oktoba 1913 alifunga ndoa na bibi yetu Zipora, binti wa marehemu bibi Telesia, wakajaliwa watoto wanne, Manase ambaye ni baba yangu, Anyisile, Yunisi na Dorkasi.

Mwaka 1922 aliajiriwa katika kazi za barabara, akajenga madaraja kutoka Njombe hadi Makambako, na ingawa karatasi zilimwandika fundi, watu walimwita Injinia, naye aliitika bila haya.

Agosti 1931 alikamilisha daraja la mbao juu ya mto huu unaotutenga na Makambako. Alikuwa amepima kiangazi, kwa kamba na fito zake, bila kumwuliza anayeujua mto wakati wa masika, maana aliyeujua kuliko wote alikuwa bibi Telesia, aliyechota maji pale tangu utoto, na kwa heshima ya ukwe tuliyolelewa nayo, mtu na mama mkwe wake hawasemezani, wakikutana njiani mmoja huingia porini. Babu hakumwuliza, na bibi Telesia naye hakumwonya. Tarehe 9 Februari 1932 Dorkasi, mwenye miaka minane, alishikwa na kichomi, babu akambeba kumpeleka zahanati ya Makambako, akakuta daraja limezolewa na maji asubuhi ileile, na mtoto akamfia mgongoni, barabara ikionekana ng'ambo.

Baada ya matanga alimtuma bibi Zipora kwa mama yake, akaulize maji hufika wapi. Kesho yake bibi Telesia alijikongoja hadi mtoni, akachana kipande cha kaniki yake, akakifunga kwenye mti wa ukingoni, juu kadiri mkono wake ulivyofika, akaondoka bila kugeuka, na babu, aliyekuwa amesimama mbali akiwa amempa mgongo, ndipo akaja na kamba yake kupima.

Msimamizi wake wa wakati huo alisema kaniki si kipimo, nguzo za daraja jipya ziwe fupi kuliko hapo. Babu akamwambia basi atafute fundi mwingine, akakaa nyumbani miezi minne akilima mahindi, watu wakamwona amepungukiwa akili, hadi alipoitwa ajenge anavyotaka. Alijenga kwa mawe mliyobeba ninyi wazee mlioketi hapa, na daraja likafunguliwa tarehe 28 Novemba 1933, shubiri mbili juu ya kaniki.

Alistaafu mwaka 1951. Februari mwaka huu miguu ilianza kuvimba, moyo ukachoka, akalazwa hospitali ya misheni ng'ambo ya mto, akafariki Alhamisi tarehe 14 Machi 1957, saa tisa alasiri, akiwa na miaka 64, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu kumi na mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani ambao hawajazima moto jikoni tangu Alhamisi, na mafundi wenzake waliochonga jeneza, wakabishana vipimo kama ambavyo angebishana yeye.

Jana tulipomleta mto ulikuwa umefurika, nasi tukashauriwa tusubiri, lakini bibi Zipora akasema daraja hili halikujengwa ili watu wasubiri, akatangulia yeye, nasi tukapita na jeneza mabegani, maji yakiwa yamefika palepale mama yake alipofunga kaniki, yasipande zaidi.

Kaburi tumelichimba kando ya Dorkasi, kama alivyoagiza. Umevuka, babu. Sasa pumzika.