Mwalimu Subiri Kidogo

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi, kwa niaba ya familia nasimama kuwasomea maisha ya dada yetu, na naomba mnivumilie nikicheka mahali fulani, maana mwenyewe hakuwa mtu wa kununa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza wa mpiga chapa na mkunga, akasoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, kisha sekondari ya wasichana, kisha chuo cha ualimu, alikomaliza mwaka 1980 na kupangiwa chekechea iliyo jirani na kituo cha zimamoto, asihame hapo hadi alipostaafu.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume, waliokulia kando ya meza ya kushonea ambayo baadaye iligeuka kuwa ofisi ya mama yao.

Mwaka 2009 shule ilipata kompyuta nne, na mwalimu mkuu, aliyefurahi kama mtu aliyepata mjukuu, akamkabidhi dada kazi ya kuchagua programu za kuwafundisha watoto kusoma, kazi aliyoivalia njuga, kwani kila aliyemletea programu alimwambia asubiri kidogo, akaenda nayo nyumbani, akamvisha mumewe glavu nene, akamfunga kitambaa jicho moja, akamwamuru abonyeze ovyo kama mtoto mtundu, na tangu hapo shemeji hujitapa kwamba ndiye mzee pekee aliyefeli chekechea kila jioni.

Kilichomkosesha raha siku hizo ni mtoto mmoja wa kike, miaka sita, binti wa mwosha magari, ambaye mikono yake ilitetemeka, na ambaye wazazi wake walikwisha kuambiwa kwamba asiposhika herufi hadi mwisho wa muhula, basi abaki nyumbani. Programu iliyopendwa na walimu wote ilikuwa na rangi, nyimbo, na bata aliyecheka kila mtoto alipokosea, lakini ilihesabu sekunde, ikatoa alama ya kukosea kabla kidole cha yule binti hakijafika, na katikati ya somo ilileta matangazo ya peremende, ikamuuliza mtoto anaitwa nani na anaishi wapi, na dada akaikataa katakata, akisema mtu angesimama getini akawauliza watoto maswali hayo tungemwitia polisi.

Aliyoichagua haikuwa na mvuto, wenzake waliitania kuwa imefanana na risiti, lakini vitufe vyake vilikuwa vikubwa, ilisoma kwa sauti na kuandika maneno chini, haikuhitaji intaneti, haikutaka kujua habari za kwao mtoto, na zaidi ya yote ilimsubiri. Wiki ya mwisho ya muhula yule binti aliandika jina lake lote, mwalimu mkuu akatoka nje kufuta miwani, na habari ya kubaki nyumbani ikaishia hapo.

Dada alistaafu mwaka 2018, moyo ukaanza kumsumbua Agosti 2022, akatibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena, na Jumanne tarehe 14 Mei 2024, wodini, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa shemeji aliyekuwa akimtania kuhusu zile glavu, alifariki dunia akiwa ameridhika, na hilo tunalisema bila wasiwasi. Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia na kutulazia wageni, walimu wenzake, na kwa namna ya pekee yule binti, aliyeketi mstari wa pili pale, ambaye tulipotafuta mtu wa kuchapa historia hii aliomba tumwachie yeye, akaichapa kwa mikono yake ile ile, herufi moja moja, tangu juzi hadi leo asubuhi, gari la makaburini likiwa limeshawashwa, na sote tukasubiri kidogo.

Pumzika kwa amani, dada, hakuna anayekuhesabia sekunde.