Maneno Niliyomwibia Mke Wangu

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Mniwie radhi nikisimama. Nikiketi miguu haitulii. Mke wangu yuko pale nyuma na akina mama. Ameniruhusu niseme yote isipokuwa jambo moja, na hilo silisemi.

Wengi wenu mliijua sauti yangu kabla ya sura. Miaka sita nilitafsiri filamu za Kihindi katika ukumbi wa video hapa mtaani kwetu Galbet. Wao wanasema Kihindi, mimi na kipaza sauti naweka Kisomali, na Kiswahili kwa wageni. Zilizojaza ukumbi ni za vichekesho, na kichekesho kilikuwa kile kile: mke mnene anayekimbiwa na mumewe, msichana mweusi anayefananishwa na sufuria, mwanamume mwenye mwendo wa kike, mtu wa kigugumizi. Filamu ilileta dhihaka, mimi nikaongeza chumvi.

Mke wangu ana kigugumizi tangu utotoni. Siku moja ikaja filamu yenye mhudumu wa hoteli wa namna hiyo. Nilikosa maneno ya kumpa, nikampa ya nyumbani kwangu. Kila alasiri mke wangu huniita, "Ch-ch-chai iko tayari." Niliiga hivyo hivyo, hata pumzi anayovuta kabla ya kuanza. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Nikairudia filamu baada ya filamu. Mtu akairekodi, ikaingia kwenye simu, ikafika mpaka Habaswein.

Mke wangu aliisikia harusini. Aliporudi aliniuliza kwa taabu, "Hi-hiyo ni mimi?"

"Ni filamu tu," nikamwambia. "Wahindi ndio waliotunga."

Akaanza kupunguza maneno. Akawa ananijibu kwa kichwa, kisha kwa ujumbe wa simu hali tumeketi mkeka mmoja. Nami, Mungu anisamehe, niliona nyumba imetulia.

Kisha binti yetu wa miaka miwili akashikwa na kifua. Mimi nilikuwa ukumbini, mama yake akampeleka hospitali. Nilirudi adhuhuri nikawakuta nyumbani, mtoto anahema, mbavu zinaingia ndani.

"Daktari amesema nini?"

Akanipa simu. Alikuwa ameandika: Waliniuliza jina la mtoto. Nikajaribu. Vijana kwenye foleni wakasema ch-ch-chai. Watu wakacheka. Nikatoka.

Ndugu zangu, nilimbeba yule mtoto nikakimbia mpaka nikapata tuktuk. Muuguzi alimwekea oksijeni, akaniuliza, "Mbona mmechelewa kumleta?" Siku nne nilizunguka nje ya wodi ile. Kila aliyecheka popote nilidhani ananicheka mimi.

Mtoto alipona, alhamdulillahi. Mke wangu akaenda naye kwa mamake, kijijini Hadado. Mwenye ukumbi akanipigia: "Rudi, watu wanakungoja." Nilirudi mara moja tu. Nilishika kipaza sauti nikawaambia kwamba sauti waliyoicheka ni ya mke wangu, nami nilimwibia. Wengine walidhani ni kichekesho kipya, wakacheka. Nikatoka, sijarudi tena.

Nikawafuata huko Hadado, na mama mkwe hakunigombeza. Alinipa maziwa, akasema, "Huyu ukimkatiza, ananyamaza. Keti." Nikaketi. Mimi niliyezoea kujaza kila kimya, ilinichukua siku tatu kusikia sentensi moja ya mke wangu mpaka mwisho. Alisema, "U-usiniombe radhi mimi peke yangu. Wa-waambie na wao."

Ndiyo maana nimesimama hapa. Namshukuru muuguzi yule, namshukuru mama mkwe, nawashukuru nyinyi majirani mliotupokea tuliporudi. Na wewe mama watoto, wallahi, uliporudi nyumbani sikustahili.

Waliotunga filamu zile hawamjui mke wangu. Mimi namjua, na ni mimi niliyeingiza dhihaka yao nyumbani kwake kwa lugha anayoielewa. Nawaambia, kabla hujacheka, tazama aliye karibu nawe ambaye hacheki.

Bado sijatulia. Sauti ile ingali inazunguka, na juzi niliisikia tena soko la mbuzi. Siwezi kuirudisha. Kama unayo kwenye simu yako, ifute. Usiifute kwa kunihurumia mimi. Ifute kwa sababu kesho mke wangu atakuja dukani kwako kununua sukari, na anataka kuitaja kwa sauti yake mwenyewe.