Daraja la Mihogo

Anastasie: Allô? Allô! Théophile, ni weye?

Théophile: Ni miye, mama. Jambo. Umeamkaje?

Anastasie: Mungu ni mwema. Uko wapi?

Théophile: Bado Kasongo, Gaston anatia pikipiki yake mafuta. Magaribi niko kwako Wamaza. Karatasi ya shamba ya marehemu baba nimeifunga kifuani. Kesho mbele ya chefu wa kijiji, Antoine ataona—

Anastasie: Antoine iko hapa.

Théophile: Kwako?

Anastasie: Mutoto wa baba yako mudogo, nimufukuze? Anakula ugali na sombe pale mulangoni. Anauliza unafika saa ngapi, unapita njia gani.

Théophile: Mama, usimwambie—

Anastasie: Wee mwalimu! Likizo ulifundisha watoto Kingereza mu baraza yangu. Ile neno uliwarudilisha mpaka kuku wakaishika. Lai-in-weit.

Théophile: [anacheka] Leo mama anatafuta diplôme!

Anastasie: Cheka tu. Maana yake?

Théophile: Si kulala usingizi. Ni kujificha kando ya njia, unangoja mwenye kupita, akifika unamurukia. Chui anafanyia mbuzi vile.

Anastasie: Na watu wanafanya?

Théophile: Na watu.

Anastasie: [ananong'ona] Watatu, na mipanga?

Théophile: Wata— mama?

Anastasie: Nakupa mufano, mwalimu. [ananong'ona] Pa daraja ya miti, kule wanamuke tunaloweka mihogo. Fasi ile mwanaume mwenye haya hasimami.

[Simu inakwaruza.]

Théophile: Uliwaona? Jibu ndiyo tu.

Anastasie: Ndiyo. Hata salamu hawakuitika.

Théophile: Nisipofika kesho, shamba imeenda kwa Antoine.

Anastasie: Najua... Antoine, maji ya kunawa iko nyuma ya nyumba, papa. Kwenda tu. [Hatua zinaenda mbali.] Ametoka. Sikia mbio.

Théophile: Nizungukie Lusangi?

Anastasie: Mvua imekata njia, utafika kesho kutwa. Pita hii hii. Miye naenda kukaa juu ya daraja.

Théophile: Hapana, mama!

Anastasie: Nitatoa kitambaa cha kichwa, nishike rozari. Wale ni vijana wa ukoo wa baba yako: mujane wa mukubwa wao, kichwa wazi mbele yao, ni laana! Atakayenyanyua mupanga, uzazi wake unakauka. Wanajua, mama zao waliwaambia.

Théophile: Na kama hawaogopi tena? Watoto wa siku hizi—

Anastasie: Basi wataanza na miye. Weye utasikia kelele, utageuza pikipiki.

Théophile: Nigeuze pikipiki nikuache—

Anastasie: Usinipigie siasa, inite zangu za simu zinaisha. Gaston apige honi toka kule kilimani, nijue ni ninyi. Na ukule kitu mbele ya kutoka, unasikia? Usije na njaa—

Théophile: Usitoke nyumbani! Nita— mama? Mama?

[Tii. Tii. Tii.]

Théophile: Gaston, acha mafuta. Washa. Washa, nasema!